Kumtungia piano mtu wa besi: kisa kizima na pale nilipokosea

Jamaa ninayemwandikia hapa alikuwa fundi seremala wa Keko, na aliimba besi kwenye kwaya yetu ya parokia miaka kumi na nne, ndo maana wote tulimwita Besi, mpaka mafundi wenzake wakawa wanamwita hivyo hivyo bila kujua jina limetoka wapi, wengine walidhani ni kwa sababu ya kitambi. Alifariki mwezi wa sita. Presha. Aliamka usiku anasema kichwa kinamgonga, kufika asubuhi hatunaye. Nikiandika Besi kwa herufi kubwa ni yeye, besi kwa herufi ndogo ni sauti, mtanisamehe nikichanganya maana hata kwenye mazoezi tulikuwa tunachanganya.

Mimi nafundisha piano, watoto wa watu huko Upanga na Mikocheni, na Jumapili napiga kinanda kanisani. Mwili ulisafirishwa kwenda kwao Mbinga, Coaster ya kwaya ikajaa, nikabaki. Nalitaja hili kwa sababu bila hilo nisingetunga chochote, yaani sikumzika rafiki yangu, nilituma rambirambi kwa simu kama mtu baki, na siku ya nne nikakaa kwenye piano nikajiambia kabla ya arobaini lazima niwe nimemtungia kitu. Kilichofuata ndo nataka kukichambua hapa, kwa sababu nilikiandika hicho kitu mara nne na kila mara niliharibu kivyake, na sidhani ni mimi peke yangu ninayeharibu hivyo.

Toleo la kwanza lilitoka kwa siku mbili. Hapo tu ningeshtuka. D maina, ile ngazi ya sauti za huzuni, pole pole, mkono wa kushoto unapanda na kushuka kama maji ya Coco Beach jioni, mkono wa kulia unalia lia kule juu, halafu katikati kunakuwa na kanyamazo ka sekunde mbili ili mtu apate nafasi ya kumeza mate. Nikarekodi kwa simu nikatupia kwenye grupu la kwaya. Wote wakalia, emoji mpaka chini, mama mmoja wa sauti ya pili akaandika "mwalimu umetuliza upya". Nikajiona nimeweza.

Wiki hiyo hiyo kijana wa jirani akaja kuniomba ile klipu, shangazi yake amefariki Tabora na wanatengeneza video ya picha zake wanataka muziki wa chini chini. Nikampa, ningemnyimaje. Akanirudishia video imekamilika, shangazi kavaa kitenge, shangazi kwenye kipaimara cha mtoto, shangazi na mbuzi, na muziki wangu umekaa pale kama umeshonwa kwa vipimo vyake. Hakuna sekunde iliyopelea. Nikaiangalia mara mbili halafu nikafuta faili, maana muziki unaomkaa shangazi wa Tabora nisiyewahi kumuona bila hata kupunguzwa pindo, huo wa Besi ni kwa lipi? Nilikuwa nimetunga msiba, turubai na viti vya plastiki, sijamtunga mtu.

Sasa hapa niseme kidogo kuhusu hii imani ya kwamba msiba lazima uwe maina na lazima uende pole pole. Wanafunzi wangu wote wanaamini hivyo na mimi nilikuwa nimeamini bila kujua. Ravel, yule Mfaransa, kati ya 1914 na 1917 aliandika vipande sita vya piano akaviita Le Tombeau de Couperin, akaviandikia majina ya marafiki zake waliokufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na ukivisikiliza bila kuambiwa huwezi kujua kuna maiti humo, ndani mna menueti, mna forlane, mitindo ya watu kucheza kabisa. Cha mwisho ni tokata, mbio tupu, noti zinarudiwa rudiwa mpaka kiganja kinaomba poo, na hicho kilikuwa cha mume wa mpiga piano Marguerite Long. Na aliyevipiga vyote sita mbele ya watu mara ya kwanza, 1919, ni yeye Long mwenyewe. Mjane anakaa anapiga kipande cha mumewe, na ni kile chenye mbio. Nilipokumbuka hilo nikaiacha D maina.

Toleo la pili nikakimbilia wimbo. Kuna wimbo wa jioni mwalimu wetu wa kwaya aliutunga zamani, Besi alikuwa anaupenda kupita nyimbo zote, nikasema basi nauchukua huo naupanga kwa piano. Nikaenda Mbagala kwa shemeji kuomba kauntabuku la marehemu, akalitoa kabatini limefungwa kwenye mfuko wa rambo, limejaa nota za solfa kwa mwandiko wa seremala, mistari imenyooka kama amepigia na rula ya kupimia mbao. Besi hakujua nota za mistari mitano hata moja, kama wanakwaya wengi wa hapa alisoma do re mi tu, ila solfa aliijua hadi unaogopa. Kwenye ukurasa wa ule wimbo, mstari wa mwisho kabisa, palikuwa na neno RUKA kwa kalamu nyekundu, limepigiwa mistari miwili chini. Nikadhani ni ubeti wa tatu, huwa tunauruka misa ikichelewa. Nikaendelea.

Nikaupanga wimbo mzima vizuri, kodi zote zimejaa (kodi za muziki jamani, sio za TRA), nikawapigia wanakwaya wanne watano baada ya mazoezi. Wakaanza kuimba. Yaani wakaniimbia juu yake, sauti ya kwanza wote, hata wanaume, kwa sababu sikio la binadamu likisikia sauti nyingi kwa pamoja hukimbilia ile ya juu kabisa na kuiita ndo wimbo. Nikawa napiga huku namtafuta Besi simuoni. Yuko chini kule, nampiga mimi mwenyewe kwa kidole cha tano cha kushoto, na hata mimi simsikii.

Ndo ikanijia. Huyu mtu miaka kumi na nne hajawahi kushika tuni. Mtu wa besi kazi yake ni kushikilia, wenzake wanapepea huko juu yeye anasema do, sol, do, fa, sol, do, na akikaa sawa hakuna anayemgundua. Jumapili ya pili baada ya mazishi tuliuimba wimbo ule ule, wamebaki vijana wawili wa besi, sauti zenyewe hazijakomaa, na kanisa zima lilisikia kuna kitu hakipo ingawa tuni ilikuwa vile vile na maneno vile vile. Wimbo ulikuwa unayumba kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Kwa hiyo kama namtungia huyu mtu, tuni iende kushoto. Mkono wa kulia ndo umsindikize. Sauti ya kwanza isiwepo kabisa.

Wazo zuri, utekelezaji ukawa uji.

Toleo la tatu nilichukua mstari wa besi kutoka kwenye kauntabuku kama ulivyo, nikauweka mkono wa kushoto kwa oktava, yaani kila noti pamoja na mwenzake wa chini, ili uwe mnene, na mguu kwenye pedali inayoacha nyuzi zivume, na kulia nikajaza kodi laini. Ikatoka ngurumo. Sababu yake iko wazi, nyuzi za chini za piano ni nene, zimezungushiwa waya wa shaba, zikishapigwa zinaendelea kuvuma muda mrefu kuliko za juu, na kila uzi una sauti nyingine ndogo ndogo juu yake, kwa hiyo ukiweka noti mbili tatu karibu karibu kule chini na pedali imekanyagwa zile sauti ndogo zinagombana na unachosikia ni lori linapanda mlima. Kile kile kinachopendeza juu ya C ya katikati kinageuka tope ukikishusha oktava mbili. Naijua hiyo, naifundisha, na bado nilifanya, kwa sababu nilitaka Besi awe mkubwa. Hapo nakiri ilikuwa ni ile hatia ya Coaster.

Kilichonitoa ni Chopin, ile preludi (kipande kifupi cha piano) ya 6 ya opus 28, B maina, mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anaifanyia mazoezi wiki hizo. Tuni karibu yote iko kushoto, inaimba kule chini kama mtu mzima anayesimulia taratibu, na kulia hakuna kitu zaidi ya kodi zinagonga kwa upole, hazipandi hazishuki sana, kama watu waliokaa kwenye benchi wanasema "ehe, ehe". Noti moja moja, hakuna oktava za fujo. Na kumbe ni moja ya preludi mbili zilizopigwa kwa ogani kwenye mazishi yake mwenyewe Paris, kanisa la Madeleine, Oktoba 1849. Mwalimu mzima naifundisha miaka yote hiyo, jibu liko mbele yangu kwenye stendi, mtoto wa miaka kumi na mbili ananipigia.

Kwa hiyo toleo la nne nilikuwa nakata tu. Oktava nje. Pedali nikaiacha ila pale kulia kunapobadilika. Kulia nikabakiza noti mbili mbili, juu kidogo ya C ya katikati, na nikaweka sheria kwamba kushoto kukitembea kulia kunanyamaza, kulia kunaongea pale besi inapovuta pumzi. Do ni F, kama kwenye wimbo wenyewe. Meja, sio maina.

Kasi nayo ilinisumbua, nikaenda Keko. Kijana aliyekuwa anajifunza kwake bado yuko pale pale kibandani, anamalizia kitanda cha mteja ambacho Besi alikiacha nusu. Nikakaa kwenye gogo nikafungua metronomu, kile cha kupimia kasi, kwenye simu huku anapiga randa. Kusukuma kunachukua muda, mbao inalia shwaaa, kurudisha ni haraka, kwa hiyo ukihesabu ni mbili kwenda moja kurudi, mbili kwenda moja kurudi. Tatu! Wimbo wetu ni wa mapigo manne. Nikamuuliza dogo, hivi mzee alikuwa anaimbaimba akifanya kazi? Akasema muda wote, ila hakuwa anaimba wimbo wa kueleweka. Nikaugeuza mstari wa besi uende kwa tatu, noti ya kwanza ikarefuka ikapata kusukuma, na kwa mara ya kwanza tangu nianze nilipiga kitu nikamwona mtu, mgongo wake, ameinama, mavumbi ya mbao kwenye nywele za mikono.

Kuna kitu kingine kilichoamua huu muziki, nacho ni piano yenyewe. Ile ya ukumbi wa parokia ni ya zamani sana na Dar unaijua, chumvi ya bahari inakula nyuzi kutu, unyevu unavimbisha mbao na vitambaa vya ndani, mvua za masika zikianza vibao vinakwama ukivibonyeza havirudi. Mwaka fulani C ya chini, oktava mbili chini ya C ya katikati, iligoma kabisa. Fundi wa piano gharama yake ilitushinda, Besi akasema hiyo si mbao tu jamani, akakichomoa kibao akakikagua kama anavyokagua mninga, akakuta pale kinapoingia pini kitambaa kimevimba kinabana, akakikwangua chote akakitupa. Kibao kikarudi kufanya kazi mpaka leo. Ila kwa kuwa hakuna kitambaa, kila ukibonyeza C hiyo, kabla ya sauti unasikia tok, mbao inagonga pini. Mafundi wa kweli wakiiona watalia. Mimi nilimalizia kipande kwa C hiyo mara tatu, hafifu sana, ili tok isikike kuliko noti.

Halafu nikakumbuka arobaini ni Mbagala, na Mbagala hakuna piano. Kuna kinanda changu cha Yamaha, vibao 61 badala ya 88, na kibao chake cha mwisho kushoto ni C hiyo hiyo, ukivuka hapo ni plastiki. Zile oktava za toleo la tatu zisingeingia hata kwa dawa, afadhali nilishazitupa. Hili nawaambia sana wanaotunga hapa mjini, angalia kwanza kitapigiwa wapi, unaweza kuandika kitu cha piano ya tamasha halafu siku yenyewe uko chini ya mwembe na spika ya kukodi. Tok ndo ikapotea, kinanda hakina mbao wala pini.

Siku ya arobaini misa ilikuwa asubuhi, mchana tuko nyumbani, jumuiya wapo, kwaya wapo, ndugu kutoka Mbinga wapo, pilau linaendelea nyuma. Nikaweka betri kabisa maana Luku ya watu siiamini. Nikapiga. Dakika nne na kidogo. Wanakwaya wakawa wananiangalia kwa heshima ile ya mtu ambaye haelewi anachosikia, na hawa wameuimba huo wimbo mara mia, hakuna aliyeutambua, hata mmoja, kwa sababu tuni waliyozoea haikuwemo. Nikasema moyoni basi, nimetunga fumbo la mtu mmoja.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kamshika mdogo mapajani, na alikuwa anaitikia mdomo umefungwa. Mbele yangu. Yaani nikifika kwenye noti namkuta yuko pale tayari.

Watu walipoanza kutawanyika nikamfuata. "Shemeji, ule wimbo umeutambua?"

"Nisiutambue vipi, si wimbo wake ule."

Nikamwambia ni wimbo wa kwaya ule, wa jioni, akashangaa. Yeye na watoto wanasali misa ya kwanza, kwaya yetu ni misa ya pili, hajawahi kuusikia kanisani. Ameusikia bafuni, ameusikia uani, ameusikia mumewe anavyorudi na bodaboda usiku, besi peke yake, na pale ambapo besi inapumzika alikuwa anahesabu kwa sauti, mbili, tatu, halafu anaingia tena. Kwake huo ndo wimbo mzima. "Kumbe una maneno mengine?" akaniuliza.

Halafu akasema, kwa adabu ya mtu anayeogopa kukuharibia, "Ila shem, pale mwisho umeruka. Yeye alikuwa haruki."

Nikamwambia niimbie. Akaniimbia mdomo umefungwa vile vile, sol ya chini, la, ti, do. Nota sahihi ni sol halafu do, unaruka la na ti unatua nyumbani. Yeye alikuwa anapanda ngazi moja moja. Na nikakumbuka, Mungu wangu, mwalimu wa kwaya alikuwa anatusimamisha hapo kila mara, anagonga meza na penseli, "Besi, ruka!", na jamaa anacheka anasema sawa mwalimu, na wiki ijayo anapanda ngazi tena. Ile RUKA nyekundu haikuwa ubeti wa tatu. Miaka yote nimekaa kwenye kinanda mita tatu kutoka kwake namsikia anakosea, halafu alipokufa nikaenda kunakili kwenye daftari lake pale alipoandika sawasawa. Nimemsahihisha marehemu.

Nikarudi nyumbani usiku ule ule nikabadilisha. Kiufundi ile la inakwaruza, kulia nilikuwa nimeshikilia kodi ya sol na la haimo, kwa hiyo nikanyamazisha mkono wa kulia wote, mstari wa mwisho kushoto kunapanda peke yake, sol, la, ti, do, kwa mwendo wa randa. Zile C tatu za tok nikazisogeza kabla ya hapo.

Jumamosi iliyopita nikampigia mwalimu wa kwaya pale ukumbini, kwenye piano yenyewe, sikumwambia chochote. Alikaa ametulia, tok ya kwanza akageuza kichwa, tok ya pili akashika penseli. Mstari wa mwisho mkono wangu ukaanza kupanda, na kabla sijafika do akagonga meza.

"Besi, ruka!"

Akanyamaza. Akainuka akaenda kufunga madirisha, na mvua haikuwepo.